Muganga na Mlango wa Stoo

Nimejaribu kumwandika mwanamke huyu mara mbili. Mara ya kwanza nilimweka ndani ya riwaya ya upelelezi, akiwa mtu mwema wa pembeni, yule anayemkumbusha mpelelezi jambo dogo ambalo wengine wamelisahau. Riwaya hiyo imejaza madaftari manne na sitaimaliza. Mara ya pili ni hii.

Shuleni kwetu Gitega, shule ya bweni iliyo upande wa Musinzira, wote walimwita Muganga. Nilifika pale nikiwa na miaka kumi na minne, nimetoka kambi ya wakimbizi Kigoma nilikokulia, na Kirundi changu kilitosha kuomba maji tu. Siku ya tatu nikashikwa na homa. Msimamizi wa bweni la wasichana akaniambia niende kwa muganga. Kwa Kirundi muganga ni daktari au muuguzi, lakini kule nilikokulia mganga ni mtu wa hirizi na matunguri, na mama yangu ni mlokole. Nikakataa. Nikajifunika blanketi na kutetemeka hadi mchana, ndipo akaja mwenyewe, mwanamke mrefu mwenye joho jeupe na kitambaa kichwani.

"Ni we unaniogopa?" akauliza kwa Kiswahili. "Sababu gani?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alinionyesha viganja vyake, vikavu na vyeupe kwa kuoshwa mno.

"Angalia. Hirizi hakuna. Iko sabuni tu. Simama twende."

Kuanzia hapo alinichukua kama mtu wake, kwa sababu ya lugha kuliko kitu kingine. Kiswahili chake kilikuwa cha Muyinga mjini, cha familia za Waislamu wanaouza vitambaa na kushona nguo, kimechanganyika na Kifaransa na Kirundi. Changu kilikuwa cha madarasa ya kambini. "We unaongea kama redio," aliniambia. "Hata sindano unaiambia tafadhali." Nilipopata jipu, nilipopata barua mbaya kutoka nyumbani, nilipofeli Kirundi, nilikwenda zahanati nikakaa kwenye benchi lake. Hakuwa na maneno mengi ya kufariji. Alikupa kazi: kunja bandeji hizi, panga chupa hizi. Ukimaliza, kilio kimekwisha.

Alikuwa na swali moja kwa kila mgonjwa. "Sema penye unaumia. Usiseme penye unafikiri." Mwanafunzi akianza kueleza kwamba pengine ni malaria, au kwamba shangazi yake aliwahi kuugua hivihivi, alimkata. Penye unaumia. Basi unaonyesha kwa kidole kimya kimya kama mtoto mchanga.

Karatasi zake za kuthibitisha ugonjwa zilijulikana shule nzima. Kijana mmoja wa mwaka wa mwisho alijifanya mgonjwa wa tumbo asubuhi ya mtihani. Muganga alimpima joto, akambonyeza tumbo, akamtazama kwa muda, kisha akaandika: "Hana ugonjwa. Anaogopa hesabu." Mkurugenzi, mkuu wa shule, aliisoma karatasi hiyo mbele ya mstari wa asubuhi na wanafunzi wakacheka hadi kijana akalia. Muganga alimfuata mkurugenzi ofisini na sauti yake tuliisikia tukiwa uwanjani. Lakini alipoombwa aandike karatasi nyingine yenye maneno laini zaidi, alikataa.

"Mi naandika yenye niliona," alisema. "We ndiye ulikosea kuisoma."

Nimeisimulia hadithi hiyo kwa miaka. Nilipokuwa mwalimu niliwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, kama mfano wa mtu asiyepindisha neno.

Akisikia mtu ameumia alikimbia. Hakutembea haraka, alikimbia, mwanamke mzima, joho likipepea. Ijumaa moja alikuwa kwenye mkeka wake akiswali, msichana aliyemwagikiwa uji wa moto akaletwa kutoka jikoni. Aliinuka katikati ya swala, akamshughulikia karibu saa nzima, kisha akatawadha upya na kuanza toka mwanzo. Sisi Wakristo tuliokuwa pale hatukujua kama inaruhusiwa. Mmoja akamuuliza.

"Mungu atanisikiliza baadaye," alisema. "Huyu mtoto, sasa hivi."

Na mtu huyohuyo aliogopa vyura. Aliweza kung'oa kucha iliyooza huku anaongea habari za soko, lakini chura mmoja akiingia zahanati wakati wa mvua, alipanda juu ya benchi na kuita "Zamu, Zamu, njoo." Zamu ndivyo tulivyomwita mlinzi wa shule, mkulima kutoka Gishubi, mtu mpole, mwenye koti la mvua lililomzidi ukubwa. Alikuja na ufagio, akamtoa chura taratibu bila kumuumiza, akamwambia Muganga kwa Kirundi kwamba mgeni amekwenda. Kila mara maneno hayohayo. Muganga alimpa chai na kipande cha mkate, wakakaa kizingitini wakizungumza. Wanafunzi waliwatania kwamba ni ndugu, na wao hawakukataa.

Sasa lazima niseme habari ya kesi.

Nilikuwa mwaka wa pili. Jumapili moja mchana, shule nzima ilikuwa uwanjani kutazama mpira, tukicheza na shule jirani. Jioni, kabla jua halijazama, Zamu alizunguka kufunga milango. Alipofika kwenye stoo ya maabara, chumba kilichopakana ukuta na zahanati, alimkuta mwalimu wa fizikia sakafuni, amepasuka kichwa. Alimwinua, akaita watu. Tulipofika mwalimu alikuwa amekufa, na Zamu amejaa damu hadi viwikoni. Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa amemshitaki kwa mkurugenzi kwamba analala kazini, na watu waliwasikia wakijibizana. Polisi hawakuhitaji mengi.

Mbele ya hakimu Zamu alisema kitu kimoja na hakukiacha. Alisema wakati mpira unaendelea alisikia kitu kizito kinaanguka ndani ya stoo, akagonga mlango, na Muganga akamjibu kutoka ndani: "Hakuna kitu, napanga dawa, rudi kwenye geti." Akarudi kwenye geti.

Muganga aliitwa. Alisema hakuingia stoo siku ile. Alisema alikuwa zahanati, na kupitia dirishani alimwona Zamu akitoka mlango wa stoo wakati mpira unaendelea.

Ni nani angebishana na mwanamke aliyeandika "anaogopa hesabu"? Zamu alifungwa. Alikaa gerezani miaka kumi na minne.

Muganga alibadilika kidogo baada ya hapo, nasi tulisema ni huzuni. Kila mwezi alikwenda gerezani kutibu wafungwa, bila kutumwa na mtu. Alibeba sabuni na dawa za upele. Nikiwa mwaka wa mwisho nilimsindikiza mara moja nikamngoja nje. Alipotoka nilimuuliza kama amemwona Zamu.

"Amekataa kuniona," alisema. "Anakataa kila mara."

Nilidhani Zamu anaona aibu. Nilimwambia hivyo.

Nilisoma, nikarudi kufundisha Kiswahili katika shule ileile, nikapanga nyumba Yoba, mtaa wa palepale Gitega. Muganga alistaafu, akahamia Muyinga kwa kaka yake, fundi cherehani mwenye duka karibu na soko. Kila Idi nilikwenda kumwamkia. Alinipikia wali, akanitazama ulimi na macho kama zamani, akaniuliza kama nanywa maji. Nilipofiwa na baba alisafiri hadi Gishubi, ambako wazazi wangu walipewa shamba waliporudi, akakaa siku tatu akiosha vyombo na kina mama. Mama yangu, ambaye hapendi watu kwa urahisi, alimwita dada.

Ni huko Gishubi nilikomwona Zamu tena. Ametoka, amezeeka, anakata majani ya ng'ombe kando ya barabara. Nilimsalimu kwa Kirundi. Aliitikia bila kunitambua. Mama akaniambia kwamba hakuna anayemwomba msaada wa kulima wala kumpa, kwamba mke wake alimwacha mwaka wa tatu wa kifungo, kwamba binti yake, aliyekuwa na miaka sita baba alipokamatwa, amekulia kwa majina mabaya na bado anaishi naye.

"Na bado anasema aligonga mlango," mama alisema. "Miaka yote hiyo, mtu si angechoka kudanganya."

Maneno hayo yalinikaa. Nikaanza kuandika riwaya. Nilibadilisha mji, nikambadilisha mlinzi kuwa mpishi, na muuaji nikamfanya mkurugenzi, kwa sababu sikumpenda mkurugenzi wetu. Sikuwa natafuta ukweli, niseme wazi. Nilitaka hadithi nzuri. Nilipofika sura ya kumi na mbili nikakwama. Nilihitaji kujua mtu aliyepigwa kichwani hivyo anaweza kuchukua muda gani kabla ya kufa. Kitu cha kitabibu tu. Nikapanda gari kwenda Muyinga kumuuliza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Kaka yake alikuwa dukani na tulisikia cherehani ikienda. Muganga alikuwa ameketi mkekani uani akichambua mchele. Nilimweleza riwaya kwa furaha, nusu saa nzima, nikicheka mwenyewe mahali pa kuchekesha. Yeye aliendelea kuchambua. Kisha nikauliza swali langu.

"Yeye alichukua saa moja na dakika kumi," alisema.

"Nani?"

"Mwalimu."

Nilifikiri amesoma ripoti ya daktari. Nikamuuliza nani alimwambia.

"Hakuna mtu aliniambia. Nilikuwa na saa."

Sikuelewa. Naandika hivi ili ieleweke kwamba mtu anaweza kuambiwa jambo kwa maneno mafupi namna hiyo na asielewe. Niliendelea kushika kalamu. Ndipo akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaniambia yote kwa sauti aliyotumia kusoma majina ya wagonjwa.

Mwalimu yule alikuwa na ufunguo wa stoo. Aliwaita wasichana kuja kupanga vifaa. Mwaka huo wawili walikuwa wameshakuja zahanati, na Muganga alipowauliza penye wanaumia hawakuweza kuonyesha. Alimwandikia mkurugenzi barua. Mkurugenzi alimwambia afikirie jina la shule. Aliandika ya pili. Haikujibiwa.

"Ile Jumapili ni wa tatu," alisema. "Lakini huyo alikuwa na nguvu. Alikamata chuma ya maabara, akampiga, akakimbia kwangu kabla hajaguswa. Mkono ya shati ilikuwa na damu. Nikamvua, nikamvalisha yangu, nikamwambia lala hapa, usitoke. Nikaenda stoo."

"Ukamkuta amekufa."

"Oya, hapana. Alikuwa anapumua."

Cherehani ya kaka yake ilisimama, ikaanza tena.

"Nilijua ya kufanya," alisema. "Zahanati ilikuwa na kila kitu, bandeji, dripu, na gari ya padri mwenye alikuja mpirani ilikuwa uwanjani. Hospitali si mbali. Nilifunga mlango, nikaegemea na mgongo. Nikaangalia saa. Nikasema, nitangoja kidogo. Alinitazama mara moja, sijui kama aliniona. Alitaka kuinuka, akaanguka tena. Halafu Zamu akagonga. Mlango ikagonga hapa." Aligusa katikati ya mgongo wake. "Akauliza kuko nini. Nikamjibu."

"Hakuna kitu," nikasema. "Napanga dawa."

"Rudi kwenye geti. Ndiyo. Maneno yake yote ilikuwa ya kweli."

Nilimuuliza kwa nini alisema alimwona. Alisema polisi walikuwa wameanza kuuliza ni wanafunzi gani hawakuwa uwanjani. Walikuwa wanaandika orodha. Msichana angefikiwa siku hiyohiyo. Walipomuuliza kama alimwona mlinzi, alisema ndiyo, akidhani watamshikilia wiki moja na kumwachia kwa kukosa ushahidi.

"Halafu hawakumwachia. Kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana. Nilikuwa naenda kule na sabuni. Fikiria. Sabuni."

"Msichana ni nani?"

"Jina yake silisemi kwa mtu." Kisha akanitazama. "Lakini we ulimbebea sanduku."

Nilikumbuka mara moja. Jumatatu asubuhi, msichana wa mwaka wa tano, kitanda cha pili kutoka changu. Muganga alisema ana apandisi, ule ugonjwa wa kidole tumbo, na anapelekwa nyumbani. Nilibeba sanduku lake hadi getini. Alikuwa amevaa blauzi kubwa ya mtu mzima na nilimtania kwa hilo. Zamu hakuwepo getini, walikuwa wameshamchukua.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, mbali naye. Sina namna nzuri ya kulieleza. Mwanamke huyu alinifundisha jinsi ya kusema kweli, niliwafundisha watoto wa watu kwa mfano wake, na mikono iliyonishika nikiwa na homa ndiyo iliyofunga ule mlango. Nilipomfikiria mwalimu sikuweza kumhurumia. Nilipomfikiria Zamu akirudi kwenye geti, akitii, nilitaka kumwita arudi.

Niliporudi uani Muganga hakuwepo. Alitoka ndani na mkoba mdogo. Ndani mlikuwa na kanga mbili, mkeka wa kuswalia, na vidonge vyake vya presha. Aliufungua akanionyesha, kana kwamba mimi ndiye nilipaswa kuukagua.

"Nimeuweka tayari tangu niliposikia Zamu ametoka," alisema. "Kila siku nasema kesho. Sasa we umekuja kuuliza. Twende. Kwanza yeye, halafu parke." Parke ni ofisi ya mwendesha mashtaka.

"Utafungwa, mama."

"Iko sawa."

Kaka yake alisimama mlangoni mwa duka na mkanda wa kupimia shingoni, akamuuliza anakwenda wapi. Alimwambia anakwenda kumwona mgonjwa Gitega. Kisha alisimama, akarudi hatua mbili, akamwambia: "Oya. Nimedanganya. Nitakuandikia."

Tulilala kwangu Yoba, kila mtu chumba chake, na asubuhi tukaenda Gishubi. Tulimkuta Zamu nyuma ya nyumba akimlisha ng'ombe. Alimtambua kabla sijasema neno. Hakumsalimu, na kwenye vilima vile mtu kutosalimia ni jambo zito. Muganga hakungoja. Alisimama pale kwenye tope, mkoba mkononi, akasema yote kwa Kirundi, kwa mpangilio, kama alivyoniambia: msichana, stoo, pumzi, mlango, hakimu. Jina la msichana hakulitaja, na Zamu hakuuliza.

Alipomaliza, mzee aliweka chini majani aliyokuwa ameshika.

"Nilipogonga," alisema, "ulinijibu nini?"

"Nilisema hakuna kitu, napanga dawa, rudi kwenye geti."

Zamu alinigeukia mimi. "Maneno hayohayo," akasema. "Umesikia? Nilimwambia hakimu maneno hayohayo."

Nilidhani atalia au atampiga. Alikwenda kwenye kona ya nyumba akamwita binti yake. Binti alitoka jikoni, mwanamke mwenye miaka ishirini na zaidi, mikono ina majivu. Zamu akamwambia Muganga:

"Sema mbele ya huyu."

Muganga akasema tena, toka mwanzo. Binti alisikiliza bila kusogea. Mwishoni aliuliza jambo moja tu, kama baba yake aliwahi kuingia stoo kabla ya jioni. Muganga akasema hapana, hakuingia. Binti akamtazama baba yake, na baba akatazama chini, na nikaona kwamba hata binti, miaka yote hiyo ya kumpikia, hakuwa na hakika.

Kisha Zamu akamwita jirani wa upande wa juu. Jirani alikuja na mkewe. Wakaletwa wengine wawili waliokuwa shambani, na majembe yao. "Sema mbele ya hawa." Muganga akasema. Akaja mzee wa kilima, yaani mkuu wa kijiji, aliyewahi kumkataza Zamu kuketi kwenye baraza la wazee. "Sema mbele ya huyu." Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka, na mkoba aliuhamishia mkono mwingine. Nilitaka kumshika mkono, akautoa. Hakuruka neno lolote. Kila mara alipofika mahali pa mlango, Zamu alitikisa kichwa taratibu, akihakikisha.

Baada ya mara ya nne binti aliingia ndani akatoka na kiti cha mbao, akakiweka nyuma ya Muganga. Niliona huruma hiyo nikashukuru moyoni.

"Akae," binti aliniambia. "Shangazi yangu yuko njiani, anatoka kilima cha ng'ambo. Amesema asianze bila yeye."

Muganga akaketi. Akaweka mkoba magotini, akaomba maji, akapewa, akanywa yote. Wote tuligeuka kutazama njia.